Kitambaa cha mafuta

Shule niliacha mwaka wa ine wa primere. Kazi ya mashine ya kuchonga nilijifunza kwa macho, nikisimama nyuma ya bakubwa. Leo atelie iko yangu, hapa Lubumbashi, na hakuna kipande kinatoka mulangoni bila kung'aa. Kila kazi ikiisha, ninaipangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, namna mama anavyopaka mutoto mbele ya kumupeleka misa.

Binti yangu alikuwa anasoma universite. Siku moja akaniletea kibao cha plastiki kama kioo, hakipiti kiganja.

"Papa, unichongee mifereji humu, myembamba kama unywele. Tone ya maji itembee ndani yenyewe."

"Bila pompe?"

"Bila pompe. Plastiki itaivuta. Lakini ukisha kuchonga, uache vile. Usipolishe, usilainishe. Na mafuta hapana, papa! Itafukuza maji."

"We mama, leo unanifundisha kazi?"

"Nakulomba tu."

Maprofesa walikuwa wamemwambia: tone ikifika mwisho, atabaki nao mu laboratware.

Nilichonga siku mbili. Kisha nikaangalia na lupe, kile kioo cha kukuza: ndani mulijaa makwaruzo ya chuma, kama barabara ya Kilwa iliyochimbuka na mvua. Nikasikia haya. Kazi yangu iende mbele ya maprofesa vile? Nikapolisha. Nikapangusa na kitambaa changu, nikamupa.

Kule universite akabandika kifuniko juu ya kibao kwa gundi, akaweka tone mbele ya maprofesa. Tone ikakaa mulangoni mwa mufereji, mviringo, ikakataa kuingia. Kusafisha kibao hakukuwezekana tena, kilikuwa kimefungwa.

Jioni akarudi na kibao mukononi.

"Papa, uliweka mafuta?"

"Mimi? Mafuta ya nini? Muangalie hesabu zenu kwanza."

Akainamisha kichwa. Aliniamini, na hiyo ndiyo inaniuma kupita yote.

Laboratware ikachukua mwingine. Binti yangu sasa anafundisha shule kule Sakania. Kila siku ya Mungu, ni kusema Jumapili, akitoka misa, ananipigia telefone, na mara moja moja anasema: "Pengine ilikuwa gundi yangu, papa." Ninajibu: "Pengine."

Kibao kiko mu kabati ya atelie. Juzi nilidondosha tone ya maji mulangoni mwa mufereji wake. Tone ikabaki mviringo vilevile.

Siku ya Mungu akipiga, nitamwambia. Ile iliyopita pia nilikuwa nimesema hivyo.