Wimbo Uliojaa Pomoni

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu hukiona kwa Aneth ni kucha zake. Za mkono wa kushoto amezikata hadi nyamani. Za mkono wa kulia ni ndefu, zimechongwa vizuri, na ile ya gumba inang'aa kwa rangi aliyoipaka tabaka juu ya tabaka ili isivunjike. Ofisini kwao Kwala, anakogonga mihuri kwenye karatasi za malori ya mizigo, madereva huzitazama kucha hizo kabla ya kumtazama usoni. Mmoja aliwahi kumuuliza kama fedha za saluni zilimwishia katikati. Aneth alicheka, akamgongea muhuri wake. Hakumweleza kwamba mkono wa kushoto hubana nyuzi na wa kulia huzidonoa, wala kwamba kule Mlandizi, kwenye chumba chake cha kupanga, kuna gitaa kavu linalolala kitandani vizuri kuliko mwenyewe.

Kwenye chumba hicho aliwahi kuishi na Zuwena, kabla Zuwena hajaolewa. Mwaka huu, mimba ilipokaribia kutimia, Zuwena alirudi kwa mama yake Chole, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, na huko akajifungua mtoto wa kike. Alipopiga simu hakuomba doti ya khanga wala mafuta ya mtoto.

"Siku ya arobaini mtoto anatolewa nje," alisema. "Nitungie wimbo wa kumtolea. Lakini shoga, nataka wimbo utakaobaki hapa Chole hata spika ikizimwa."

Maneno ya mwisho yalimkaa Aneth rohoni, na alikuwa na sababu. Kwenye sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzake aliwahi kupewa nafasi, akapiga wimbo alioupenda kuliko nyimbo zake zote. Watu walimsikiliza kwa adabu huku wakitafuna kuku. Mshereheshaji akashukuru, singeli ikafunguliwa, na ukumbi mzima ukainuka kama uliomwagiwa maji ya moto. Tangu siku ile Aneth alijua kwamba kusikilizwa ni jambo moja na kupokewa ni jambo jingine. Hakutaka yamkute tena mbele ya akina mama wa Chole, mtoto wa rafiki yake akiwa mikononi mwao.

Basi akatunga, na akatunga kwa moyo wote. Mashairi yalimjia haraka: mgeni katoka leo, jua linamuuliza jina. Kila mwisho wa mstari akapachika kipande cha gitaa alichofundishwa na baba yake, mzee Wilfred, huko Urambo: vidole vinashuka mbio kama mtu anayeteremka ngazi, kisha vinapanda tena kabla hujavuta pumzi. Kipande hicho ndicho kilichomfanya apende gitaa. Kwa sababu jirani ana mashine ya kusaga, aliingia na simu ndani ya kabati la nguo, akarekodi akiwa amebanwa na vitenge na jasho likimtiririka. Alipotoka, aliusikiliza wimbo akahisi hauna doa. Akautuma kwenye kundi la WhatsApp la wapiga muziki wenzake wa Pwani, akiwaomba wamwambie pa kurekebisha.

Sifa zikamiminika. Evance, anayepiga kinanda kwenye kwaya moja ya Kibaha Mjini, aliandika kwamba wimbo una baraka na hauhitaji kuguswa. Wengine walituma mioyo na miali ya moto. Aneth alizisoma zote, akafurahi, kisha akajikuta hana hata neno moja la kufanyia kazi. Ni watu waungwana, na waungwana hawamwambii mtu kwamba chakula chake hakina chumvi.

Aliyekuwa hajasema kitu ni Mwinyimadi, mpiga ngoma wa Kurui, na yeye ni Mzaramo. Aneth ni Mnyamwezi. Makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara; neno ambalo mwingine angelimeza kwa kuogopa kuudhi, mtani hulitema, na aliyetemewa haruhusiwi kununa. Jioni ukaingia ujumbe wake wa sauti.

"Mtani, nimesikiliza mara mbili. Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, wakifika kwetu tukawaambia tueni mzigo mpumzike. Wewe mbona umeubebesha wimbo mpaka pomoni? Mimi nikae wapi?"

Aneth alicheka peke yake chumbani, kisha kicheko kikakatika. Akajibu kwamba Mzaramo akikosa pa kuchezea ngoma huona dunia nzima imejaa. Mwinyimadi akamwambia aende Kurui Jumapili akamwonyeshe, na mzigo wake huohuo.

Akaenda kwa bodaboda kupitia Mzenga, gitaa mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Alimkuta Mwinyimadi barazani na dada yake mkubwa, Bi Mwanamvua, aliyekuwa akimenya mihogo. Bi Mwanamvua ndiye huongoza nyimbo za wanawake kwenye shughuli za upande ule, na akishaanzisha yeye hakuna anayebaki ameketi. Aneth akawaamkia shikamoo wote wawili. Mwinyimadi alisema shikamoo ya Mnyamwezi ataipokea, ila asitegemee nauli ya kurudi.

Kwanza wakausikiliza wimbo kwenye simu. Bi Mwanamvua akasema sauti ni nzuri lakini huyu mwimbaji ni kama amejificha kabatini. Aneth ilibidi aungame kwamba kweli alikuwa kabatini, na Mwinyimadi akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha wakamtaka aupige pale pale. Mstari wa kwanza ulipoisha, Bi Mwanamvua alifungua kinywa. Kipande cha gitaa kikamwahi, akafunga. Mstari wa pili vilevile. Wa tatu akaweka kisu chini.

"Mwanangu," alisema, "mtoto akitolewa nje, anayeimba ni mmoja, wanaompokea ni wote. Wewe unauliza, halafu unajijibu mwenyewe. Sisi tumekuja kufanya nini?"

Aneth akaliegemeza gitaa gotini. Aliona ukumbi ule tena, watu wale na kuku wao. Kumbe hawakukataa kumpokea; yeye ndiye hakuwaachia mlango.

Kuuacha wazi kulikuwa kazi. Vidole vyake vilikizoea kile kipande kiasi kwamba vilikimbia vyenyewe. Mwinyimadi akapata dawa: akaipindua ndoo ya plastiki, akawa anaipigia mdundo mwepesi, na kila mstari ulipoishia alisema kwa sauti ya mnyapara, "Tua." Hapo Aneth alitakiwa kulaza kiganja juu ya nyuzi na kunyamaza. Mara nne akasahau, na mara nne akaitwa mpagazi. Mara ya tano kiganja kikatua, kukawa kimya, na Bi Mwanamvua akaingia bila kuambiwa: "Tunaye, tunaye." Neno dogo tu, lakini Aneth alisisimka mwili mzima. Wakarudia mpaka mihogo ikasahaulika.

Usiku ule furaha ilichanganyika na jambo jingine. Kukitoa kile kipande aliona ni kama kumtoa baba yake mwenyewe kwenye wimbo. Asubuhi, kabla ya kazi, akampigia simu mzee Wilfred na kumweleza yote kwa kuzungukazunguka.

"Unajua nilikipatia wapi hicho?" baba yake aliuliza. "Nikilinda moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, peke yangu. Nikiimba hakuna wa kuitikia, basi nikaliacha gitaa liitikie. Wewe una watu, mama. Waachie."

Aneth alifika kazini akiimba kimoyomoyo, na siku ile hata dereva aliyekosea karatasi zake aliagwa kwa tabasamu. Jioni hakuingia kabatini. Alifungua dirisha, akaweka simu juu ya stuli, akasubiri mashine ya jirani inyamaze, akaanza. Mgeni katoka leo, jua linamuuliza jina. Kiganja kikatua. Na kutoka uani, Mama Sadick, mwenye nyumba wake, aliyekuwa akiosha vyombo na hajaambiwa lolote, akaitikia: "Eee, karibu." Mstari wa pili akaitikia tena, sufuria ikigonga sufuria. Aneth aliendelea mpaka mwisho huku akijizuia kucheka.

Akautuma kundini jinsi ulivyo. Evance, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akakosoa: dada Aneth, kuna mama ameingia kwenye wimbo, na vyombo vyake, umwondoe. Aneth akamjibu kwamba huyo haondoki. Mwinyimadi yeye alituma maneno mawili tu: "Mzigo umetua."

Arobaini ni Jumamosi hii. Zuwena ameandika kwamba mtoto ameanza kutabasamu na kwamba mama zake wadogo wameshaulizana huyo Mnyamwezi anakuja na nini. Aneth amemwambia spika isikodiwe; anakuja na gitaa, na mengine yako huko huko Chole. Bi Mwanamvua na mdogo wake watatokea Kurui alfajiri. Nguo iko tayari, nyuzi mpya zimefungwa, na wiki nzima hii Aneth hagusi sufuria wala hafui kwa mkono wa kulia, kwa kuwa ukucha wa gumba hauna budi kufika Jumamosi ukiwa mzima. Mama Sadick anamfulia, na huku akisuuza anaitikia.