Saa Moja Bila Kazi

Napenda sentensi fupi, na nimewahi kugombana na watu kwa ajili hiyo. Kazi yangu hapa Tabora ni kuandika miongozo ya kompyuta kwa Kiswahili, na mwenzangu akiniletea rasimu yenye maneno mengi naikata bila huruma, kisha namrudishia nikiwa nimenuna. Basi nilipopewa kueleza mpangilio wa usafishaji wa kontena, nilimaliza kabla chai haijapoa: “Kontena likikaa saa moja bila kazi, husafishwa.” Nikajisifu.

Kontena ni kama chumba cha muda ndani ya seva. Wakala wa akili mnemba hupewa faili humo akazifanyia kazi bila kugusa kitu kingine. Chumba kisipotumika, seva hukifuta ili kupisha kazi nyingine. Muda wa kungoja unaweza kubadilishwa, hata ukaamuru kisifutwe kabisa. Nilijua pia kwamba kikifutwa, vyote vilivyomo vinakwenda nacho. Hilo sikuliandika, nililiona ni jambo la wazi mno.

Wa kwanza kuutumia mwongozo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo kutoka Goweko, aliyekuwa akija ofisini kwetu siku za Jumamosi. Alikuwa amemrekodi mama yake akitaja uyoga wa porini kwa Kinyamwezi: upi huota chini ya mti gani, upi ni wa kukausha, upi unaua. Yeye mwenyewe alikulia bwenini, hakuyajua hayo. Alitaka wakala ayaandike yote kabla ya mvua, ili aingie porini na mama yake, daftari mkononi. Simu yake ilikuwa imejaa. Alihamishia rekodi kwenye kontena, akaziona zimejipanga kwenye kioo, akazifuta kwenye simu.

Jumamosi hiyo hiyo wakala alifika katikati ya rekodi ya nne akasimama kuuliza: hapa pana kimya kirefu, je, msemaji amemaliza? Mwalimu alikuwa anasogeza kiti ajibu, simu yake ikaita. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile, ghafla, akichambua maharage.

Kwetu mfiwa haachwi aende peke yake. Tulifunga ofisi, wote sita, tukaazima pikapu kwa jirani, tukapakia unga na sukari. Kitenge cha mwalimu kilibaki kwenye kiti, kikombe chake mezani, na hakuna aliyevigusa, maana ndivyo tulivyolelewa: kazi ya aliyefiwa hubaki ilivyo mpaka arudi. Nilikaa naye nyuma ya gari nimemshika mkono njia nzima. Nilijiona natenda jambo jema, na kweli lilikuwa jema. Ndani ya gari lile mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba saa ile ya kontena inahesabika, na haikunijia kichwani hata mara moja.

Alirudi baada ya wiki. Alisema hakuja kufanya kazi, anataka tu kuisikia sauti ya mama yake. Akafungua kontena, hakukuta kitu, akanitazama akidhani amekosea yeye. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilianza kumweleza habari za seva na nafasi, akanikatisha, akauliza ilimsubiri kwa muda gani.

“Saa moja.”

“Saa moja ilipokwisha tulikuwa hatujafika hata Goweko.”

Nilimpigia fundi wetu aliyeko Dar. Alinijibu kwa upole kwamba haiwezekani kuzirudisha rekodi. Baada ya hapo niliuandika upya mwongozo. Nilieleza kwamba kusafishwa maana yake kila faili inapotea, kwamba nakala itolewe nje kwanza, na mahali pa kuongeza muda. Ukajaza ukurasa mzima, nami nilikuwa nimemkasirikia yule mtu aliyejisifu kwa mstari mmoja. Niliuchapa kwenye karatasi nikampelekea mwalimu, kwa sababu niliona ni haki yake kuusoma kabla ya wengine.

Aliusoma kama anayesahihisha madaftari, kalamu mkononi, bila haraka. Alipofika mwisho aligonga karatasi kwa kidole.

“Ongeza hapa. Mtu akipata msiba, anayebaki ofisini amhamishie faili zake.”

Ningeweza kuitikia tu. Lakini nilikuwa nimechoka kuacha mambo bila kuyasema.

“Hakubaki mtu, mwalimu. Tulikuja wote.”

Alirudisha macho kwenye karatasi.

“Mlikuja wote,” alisema. “Bila ninyi nisingefika.”

Kisha yeye mwenyewe akaiandika sentensi ile ya anayebaki ofisini, chini kabisa, taratibu.