Askari wa Kumlinda Mama Taaka

Mama Taaka ni Msamia. Aliolewa hapa Petta zamani, mumewe akafa, yeye akabaki na migono yake. Mgono ni kikapu kirefu cha fito: samaki akiingia, kutoka hawezi. Alikuwa akiitega kwenye kijito nyuma ya kwetu, anakausha kambare kwa moshi, siku ya soko anauza. Shamba la maana hana. Wengine wana pamba, yeye alikuwa na kambare.

Kando ya nyumba yake aliotesha utupa. Mmea huo kila mtu anaujua. Kiangazi majani yake yanatwangwa, yanatiwa mtoni, samaki wanalewa na kuelea, kijiji kizima kinaokota. Lakini sharti kijiji kiitwe kwanza. Anayetia peke yake ni mwizi.

Basi mwaka wa 1966, kabla ya mvua, kambare walianza kuelea na kijiji hakijaitwa. Watu waliangalia samaki, kisha wakaangalia nyumba ya Mama Taaka.

Chifu alimwambia ang'oe utupa wote. Akang'oa, tunamtazama, akauchoma. Haukupita muda samaki wakaelea tena.

"Ameficha mwingine," watu walisema.

Chifu akatangaza: samaki wakifa tena, Mama Taaka haruhusiwi mtoni wala sokoni, arudi kwao Busia. Na ili ashikwe vizuri, akamtuma askari wake, Oketcho, amlinde. Oketcho ni kijana mrefu, hana mke. Alifika asubuhi na rungu, akakaa mlangoni.

"Mama, mimi nakulinda. Usinizoee."

"Haya. Umekula?"

"Kazini hatuli."

Mama Taaka akaweka ugali wa wimbi na kambare wa simsim. "Hata kuonja?"

"Kuonja si kula," Oketcho akasema, akaonja mpaka sahani ikang'aa.

Aliendelea kulinda hivyo, akaanza kunenepa shingo. Mama Taaka akienda kisimani, Oketcho nyuma. Akienda kanisani, Oketcho benchi la nyuma yake, na rungu.

Samaki wakafa tena. Watu wakaja kwa hasira, Chifu mbele.

"Oketcho! Huyu mwanamke alitia utupa saa ngapi?"

"Hakutia, Chifu."

"Ulilala!"

"Sikulala. Tulikuwa tunamenya karanga."

"Mlikuwa?"

"Yeye alimenya. Mimi nililinda karanga."

Watu wakacheka, lakini sasa hapakuwa na mtu wa kulaumu. Mama Taaka akajifunga leso kiunoni.

"Twende juu, huko maji yanakotoka. Mimi nimechoka kulindwa."

Tukafuata kijito. Tulivyozidi kwenda ndivyo samaki waliokufa walivyozidi, halafu wakaisha kabisa, hata waliokufa hawakuwapo. Hapo ndipo palikuwa na ua wa kiwanda kipya cha ngozi. Bomba lilipita chini ya ua likimwaga maji meupe kama uji, yananuka ngozi mbichi. Mlinzi wa kiwanda akatuuliza tunataka nini.

"Bomba lenu linaua samaki," Chifu akasema.

Mlinzi akayatazama maji kwa makini. "Samaki gani, mzee? Hapa hakuna samaki. Tangu nianze kazi sijaona hata chura."

"Umesikia," Mama Taaka akamwambia Chifu.

Baadaye alikuja mtu wa serikali na chupa. Akaijaza maji ya bomba, akaifunga, akaenda nayo Entebbe. Chupa haijarudi. Maji bado meupe.

Chifu alimwambia Mama Taaka yuko huru kutega popote. Cha kutega hakikuwapo. Sasa anapanda basi kwenda Majanji, ananunua samaki wa ziwani, anawaleta soko la kwetu. Mwanzoni watu walinusa tu wakapita. Habari ya samaki wenye sumu ilikuwa bado midomoni. Alirudi nyumbani na kapu limejaa vilevile, akaanza kusema labda Busia si mbali.

Siku moja ya soko Oketcho akaja, hana rungu. Akaketi karibu na kapu, akachukua samaki, akala, na kichwa pia. Watu wakasimama kungoja aanguke. Hakuanguka. Mwanamke mmoja akanunua wawili, wengine wakafuata. Oketcho akanyoosha mkono tena kwenye kapu.

"Wee, na huyo wa nini?" Mama Taaka akamwuliza. "Si wameshaona?"

"Mama," Oketcho akasema, "kuna wanaochelewa kufika sokoni."