Orodha Haijanyooka

Mhariri wa tovuti yetu huweka kalamu nyekundu nyuma ya sikio na rula mkobani. Orodha yoyote, ya mtandaoni au ya ukutani, haitoki bila saini yake. Huipima, huguna, huirudisha: “Mstari wa pili una nukta, wa tatu hauna. Kwani hawa si ndugu?” Mwaka ulipoanza, bosi alimletea orodha ya watakaopunguzwa kazi, jina la mhariri mwenyewe likiwa la tatu. Hakupepesa macho. “Namba za nini, bosi? Kuna atakayetangulia? Weka vitone.” Ikarudi na vitone. “Vimepinda.” Ikarudi imenyooka. “Sasa panga kwa alfabeti.” Huu ni mwezi wa tano, na sote tuko kazini. Jana bosi alimuuliza kinyonge, “Dada, imebaki nini?” Akatoa rula, akapima, akaguna. “Kidogo tu, bosi.”