Faili Lililongoja Kufuatwa

Wiki jana, katika ofisi moja ya maji Homa Bay, karani aliikodolea macho kompyuta kama anayelitazama ziwa. Mashine ya maabara ya Nairobi ilijaribu kumletea majibu ya vipimo vya kisima chetu, lakini ukuta wa ulinzi wa kompyuta hiyo uliifukuza mlangoni.

“Mama mkwe wako huja kulala kwako?” mama mmoja, fundi wa kompyuta aliyeitwa kusaidia, alimwuliza karani.

“Haiwezekani! Kwetu ni mwiko mama mkwe kulala kwa mkwewe. Mimi ndiye huenda kwake.”

“Basi mashine yako nayo iende ikachukue.”

Fundi huyo akabadilisha mpangilio mmoja tu, ili kompyuta ya karani ndiyo ilifuate faili Nairobi. Faili likaanza kuingia, polepole kama gugu maji linalosukumwa na upepo.

“Mbona haikupangwa hivyo tangu kiwandani?” karani akanong’ona.

Kisima kilikuwa salama. Walioiunda kompyuta ile, nadhani, hawajawahi kuoa kwetu.