Mwavuli wa Ng'ambo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya mji hapa Kisumu. Mbele yangu alisimama mama aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara katikati ya mji, mpaka kibanda chake kikabomolewa. Alikuja kuuliza atahamishiwa wapi. Mkononi alishika gorogoro, lile kopo la kupimia, maana akionyeshwa mahali alitaka kuanza siku hiyo hiyo.

"Mama, wakubwa hawako," karani alimwambia kwa upole. "Wameenda ng'ambo kujifunza vile katikati ya mji hupangwa."

Asije akadhaniwa anamdanganya, akamwonyesha picha kwenye simu. Wakubwa wetu walikuwa wamesimama barabarani wakitabasamu. Nyuma yao wanawake waliketi chini ya miavuli mikubwa, wakiuza matunda.

Mama aliweka gorogoro juu ya kaunta. Kwa vidole viwili akaikuza ile picha, akawapita wakubwa wote, akasimama kwa muuzaji mmoja. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ako na kivuli," alisema. "Na hakuna mtu anamfukuza."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Watu wamepanda ndege kwenda kupendezwa na kitu walichokivunja nyumbani.

Mama akafuta kioo cha simu kwa leso yake, kisha akairudisha.

"Nyathina," alimwambia karani, akimwita mwanangu kwa Kijaluo, "wakirudi waambie hata mimi nilikuwa nimekaa hivyo hivyo. Wangenipiga picha."