Nati za Shangazi

Shangazi hutengeneza baiskeli na mbao za magurudumu, zile ambazo vijana husimama juu yake na kuteleza nazo barabarani. Mimi nachomelea mageti upande wa pili wa karakana hiyohiyo, na sijaona mtu mwenye mkono mzito kwenye spana kama yule. Ubao ukipita kwake, nati za ekseli, mbele na nyuma, hukazwa mpaka raba zilizo chini yake, zile zinazouruhusu ubao kupinda, zinavimba pembeni. Wateja wanalalamika kwamba mbao zake zinakwenda moja kwa moja kama treni.

Sababu tunaijua. Mdogo wake aliteremka mteremko wa nyuma ya karakana kwa ubao wenye ekseli zilizolegea mno. Ubao ukaanza kutikisika, ukamtupa. Hakuamka tena. Tangu hapo Shangazi husikia magurudumu yakitikisika mteremkoni pasipo na mtu, mchana kweupe. Huacha kazi, huenda mlangoni, hurudi kushika spana. Mwanzoni nilimtania. Halafu siku moja nilizima mashine nikayasikia na mimi, na utani ukaniisha.

Ubao wa marehemu anao bintiye. Juzi aliingia kiwiko kikivuja damu.

"Shangazi, umekaza mno. Nimeegemea weee, haupindi. Nisingeruka, ningevaa ukuta."

"Afadhali ukuta."

"Afadhali kwa nani? Baba aliponzwa na kulegea, mimi nitaponzwa na kukaza."

Shangazi alikaa, akaguna, kisha akachukua spana. Akalegeza nati ya mbele robo mzunguko, na ya nyuma vivyo hivyo.

"Panda. Egemea kulia. Haya, kushoto."

Akalegeza tena, kidogo kidogo, mpaka ubao ukafuata nyayo za binti bila kuyumba. Niliogopa kuliko Shangazi, sikatai.

Tukatoka, tukasimama mwisho wa mteremko, penye ukuta. Binti akaanzia juu, akashika kasi. Shangazi akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Egemea, mdogo wangu," alisema. "Egemea, pinda."

Ubao ukapinda taratibu. Binti akatupita anacheka, akapotelea kwenye kona, salama salimini.

"Kapita," nikamwambia. "Twende ndani."

Shangazi hakugeuka. Alikuwa bado anatazama juu ya mteremko, anamsubiri mdogo wake naye apite.